Uonevu bwenini: jinsi ya kujua nani anafanya nini, kisha kuuvunja

Kila mwaka, kuanzia Februari, njuka, yaani wanafunzi wapya, wakishakaa shuleni wiki tano au sita, swali huwa lile lile: mwonevu tulimkamata, tukamchapa, tukamsimamisha masomo, akarudi, na bwenini mambo hayajabadilika. Kuna shule ambako kijana hakurudi kabisa, na bado mambo hayajabadilika.

Kosa liko kwenye msako. Shule inamtafuta mtu mmoja, wakati uonevu wa bwenini unafanywa na wengi: yupo anayeanza, wapo wanaomsaidia, wapo wanaocheka, na wapo wanaojifunika shuka na kugeukia ukuta. Ukimwondoa yule wa kwanza na wanaocheka wakabaki, nafasi yake itapata mtu kabla ya likizo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa malezi, patroni au matroni wa sekondari ya bweni. Kazi nzima huchukua kama mwezi mmoja. Shule ya kutwa inaweza kuufuata kwa darasa badala ya bweni.

## Vitu vya kuandaa

- Orodha ya wanafunzi wa bweni husika, na mchoro wa vitanda: nani analala juu, nani chini, nani karibu na mlango.
- Ratiba halisi ya siku, tangu kengele ya asubuhi hadi taa kuzimwa. Iliyobandikwa ukutani na inayofuatwa mara nyingi si moja, chukua inayofuatwa.
- Karatasi za ukubwa mmoja na kalamu za rangi moja, za kutosha wote.
- Chumba chenye mlango unaofungika, kisicho jirani na ofisi ya walimu.
- Mwalimu mmoja wa kusaidiana naye, anayejua kunyamaza. Ukimkosa, afadhali ufanye peke yako.
- Ruhusa ya mkuu wa shule, pamoja na ahadi yake kwamba hatamwadhibu mtu kwa majina yatakayotoka kwenye karatasi. Bila ahadi hiyo usianze. Wanafunzi wakigundua mara moja tu kwamba karatasi ziligeuka hati ya mashtaka, hutapata ukweli tena mpaka kizazi hicho kimalize kidato cha nne.

## Nafasi sita utakazozitafuta

Mgawanyo huu ulitokana na utafiti wa Christina Salmivalli na wenzake nchini Ufini, uliochapishwa mwaka 1996. Kwa matumizi ya bwenini, majina haya yanatosha:

Kinara ndiye anayeanza na kuamua nani atafanyiwa nini. Mpambe haanzi, lakini akiitwa yupo: anashika, anaziba mlango, anaficha ndoo. Mshabiki hagusi mtu. Anasogea, anacheka, anaongeza jina la utani. Aliyejitenga anatoka nje au anajifanya amelala. Mtetezi anasema "acheni", anaita mkubwa, au anakwenda baadaye kukaa na aliyeumizwa. Mwonewa ndiye anayefanyiwa.

Majina haya ni ya daftari lako na yasitoke humo. Hakuna mwanafunzi wa kuitwa mpambe mstarini. Nafasi hizi hubadilika, tena kwa siku moja: kijana anayefulia wakubwa nguo bombani asubuhi anaweza kuwa ndiye anayemrusha mwenzake kichurachura usiku. Ziandike kwa penseli.

## Hatua ya 1: Tenganisha dharura na mazoea

Kabla ya karatasi yoyote, jiulize kama kuna jambo lisiloweza kusubiri. Jeraha, ukatili wa kingono, silaha, kuunguzwa, au mwanafunzi aliyetamka kwamba anataka kujiua: hayo hayapitii mwongozo huu. Mpeleke mtoto akatibiwe, mjulishe mkuu wa shule na mzazi siku hiyo hiyo, kisha Polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa shambulio lenye jeraha utahitaji PF3, fomu ya Polisi ya matibabu. Namba 116 ya msaada kwa watoto inapigwa bure Tanzania na Kenya pia.

*Onyo:* usimhoji mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono mara tatu, mbele ya walimu watatu, ili "kuthibitisha". Msikilize mara moja, andika maneno yake kama alivyoyasema, wakabidhi wanaohusika.

*Umefanikiwa ukiwa:* unaweza kusema bila kusita kwamba unalolishughulikia sasa ni mazoea ya bweni, na kwamba hakuna aliye hatarini usiku wa leo.

## Hatua ya 2: Chora mahali na saa

Chukua ratiba na ramani ya shule, uweke alama mahali ambapo wanafunzi wapo na mtu mzima hayupo. Mara nyingi utapata sehemu nne au tano: bombani alfajiri, bafuni, foleni ya bwaloni, njia ya kutoka prepo, na ile nusu saa kati ya kengele ya kulala na taa kuzimwa.

Zipitie mwenyewe wiki moja, kwa saa zisizotabirika, bila filimbi. Usikamate mtu bado. Angalia nani anabeba ndoo mbili, nani nyama yake inahamia sahani ya mwingine siku ya wali, nani anafika darasani sare imelowa, nani hafungui tranka lake wengine wakiwepo. Kijana anayeomba ruhusa ya zahanati kila Jumapili jioni naye muandike.

Sababu ya kuanza na mahali ni kwamba mahali hapadanganyi na hapalipizi kisasi. Pia utajua pa kumweka mwalimu wa zamu kuanzia usiku wa kwanza, hata kabla hujajua jina lolote.

## Hatua ya 3: Waandike wote, kwa wakati mmoja

Hapa ndipo wengi huharibu. Mwalimu anasimama mstarini na kuuliza, "Nani anawaonea wenzake? Anyooshe mkono anayejua." Kimya. Anayejua amesimama hatua mbili kutoka kwa kinara, na usiku watalala chumba kimoja. Sanduku la maoni nalo halisaidii sana likiwa limetundikwa penye macho ya watu, maana anayeonekana akitumbukiza karatasi tayari ameitwa mnoko.

Fanya hivi. Waite wanafunzi wote wa bweni darasani, wakae kama kwenye mtihani, kila mmoja na dawati lake. Gawa karatasi na kalamu zilizofanana. Wasiandike majina yao. Waambie kwamba zitasomwa na wewe tu, na kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa sababu ya karatasi. Kisha soma maswali polepole, moja baada ya jingine:

1. Bwenini kwetu, nani huanza kumtuma, kumtania au kumsumbua mwenzake mpaka anaumia?
2. Akishaanza, nani humsaidia: kushika, kuziba mlango, kuficha vitu, kwenda kumwita anayetakiwa?
3. Nani husogea kuangalia, hucheka au hushangilia?
4. Nani hutoka, hukaa mbali au hujifanya amelala?
5. Nani husema acheni, huita mkubwa, au huenda kumfariji aliyefanyiwa?
6. Nani hufanyiwa mara nyingi?
7. Hutokea wapi, saa ngapi?

Waruhusu kuandika "mimi" panapostahili. Utashangaa ni wangapi wataiandika kwenye swali la nne.

Maswali yanataja vitendo, na neno "uonevu" halimo. Ukiuliza nani mwonevu, watakuandikia wanayemchukia. Zaidi ya hapo, vidato vya juu wengi hawaamini kuwa wanachofanya ni uonevu. Wao wanakiita kumkaribisha njuka, na wanakumbuka jinsi walivyokaribishwa wenyewe.

Asiye na la kuandika aandike walichokula jana, mlo kwa mlo. Hili linaonekana dogo ila ndilo linalowalinda wanaoandika: kalamu zote lazima zitembee, ili asijulikane nani ameandika sana na nani ameacha wazi.

*Onyo:* karatasi usikusanyishe kwa kiranja wala kwa kiongozi wa darasa. Pita mwenyewe na bahasha. Usiziache ofisini juu ya meza, hata kwa muda wa chai.

*Umefanikiwa ukiwa:* karatasi ni nyingi sawa na watu waliokuwemo, na walau theluthi zina majina.

## Hatua ya 4: Soma karatasi bila haraka

Chora jedwali. Majina upande wa kushoto, safu sita juu, moja kwa kila nafasi. Kila jina likitajwa, weka kijistari.

Jina lililotajwa na mtu mmoja ni tetesi. Mimi huanza kulichukulia kwa uzito likitajwa na watatu au zaidi katika safu moja, hasa maelezo yakitofautiana: mmoja anasema bombani, mwingine anasema foleni. Karatasi tano zenye sentensi ile ile, na kosa lile lile la tahajia, ni njama. Ziweke pembeni, lakini zihifadhi, kwa sababu kuna mtu ameziratibu na huyo anafaa kujulikana.

Tuseme bweni lina vijana 40, na jedwali likatoa hivi: vinara 2, wapambe 3, washabiki 11, waliojitenga 15, watetezi 4, waonewa 2. Macho ya mwalimu yeyote yataruka kwenye wale 2 wa kwanza. Yarudishe kwenye 11. Hao ndio hadhira ya kinara, na wengi wao hawana chuki yoyote na mwonewa. Wanacheka kwa sababu kucheka ni salama kuliko kunyamaza.

Watafiti wa Kanada waliowarekodi watoto wa shule ya msingi viwanjani kwa kamera na vinasa sauti, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2001, walikuta watoto wengine wakiwepo katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu. Walioingilia kati walikuwa asilimia 19 tu. Ila walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Hesabu hizo ndizo zinazobeba hatua zote zinazofuata.

Angalia pia jina linalotokea safu ya kwanza na ya sita kwa pamoja. Kwa kawaida ni kidato cha pili aliyeteswa mwaka jana. Huyu usimchanganye na kinara wa kawaida: anahitaji kulindwa na kuzuiwa kwa wakati mmoja, na ndiye atakayekulipukia ukimshughulikia upande mmoja tu.

## Hatua ya 5: Mwonewa kwanza

Muite kwa sababu ya kawaida, kama daftari au ada. Usimtume kiranja kumwita.

"Shikamoo mwalimu."
"Marahaba, kaa. Nimeona siku mbili hizi unachota maji ya watu wengi. Hebu nieleze siku yako inavyokwenda, tangu kengele ya asubuhi."

Mwache aeleze siku. Akipita mahali ulipopawekea alama kwenye ramani, rudi hapo taratibu. Usimuulize kwa nini hakusema, wala kama kuna alichofanya kuwachokoza. Mwishoni muulize mambo mawili: usiku wa leo utakuwa salama kwako? Na bwenini nani ukikaa naye unapumua? Jibu la swali la pili lilinganishe na safu ya watetezi.

*Onyo kubwa:* usimkutanishe na kinara ili "wapatane". Tunapenda sana kusema ninyi ni ndugu, peaneni mikono, yaishe. Mkono atapewa mbele yako, malipo atayapata bafuni. Usimhamishe bweni pia, isipokuwa akiomba mwenyewe. Kumhamisha yeye ni kuliambia bweni kwamba aliyeshinda ni mwingine.

## Hatua ya 6: Kinara na wapambe, mmoja mmoja, siku moja

Panga waitwe mfululizo, kutoka madarasani, katika kipindi kimoja, na anayetoka asikutane na anayeingia. Hapa ndipo mwalimu msaidizi anapohitajika. Anza na kinara, ili asipewe taarifa na wapambe wake.

Usifungue kwa kumshtaki. Sema unachokijua kwa uhakika, yaani kwamba fulani ana maisha magumu bwenini, kwa namna unayoweza kueleza kwa macho yako mwenyewe, kutokana na wiki ile ya kupita. Karatasi zisitajwe. Kisha: "Wewe unaona nini?" Halafu nyamaza. Wengi watakana, wengine watasema ni utani. Usibishane. Nenda moja kwa moja kwenye swali la mwisho: "Kuanzia usiku wa leo, wewe utafanya nini tofauti?" Jibu liwe kitendo kinachoonekana, kama "nitachota maji yangu mwenyewe", na uliandike mbele yake. "Nitabadilika" usilipokee.

Kwa wapambe swali ni lile lile, na kwao huwa jepesi zaidi. Wengi wanaogopa kuhamia safu ya sita, ya waonewa.

Je, viboko? Kenya vimekatazwa shuleni kwa sheria ya elimu ya mwaka 2013. Tanzania Bara kanuni bado zinamruhusu mkuu wa shule, kwa masharti. Hata pale vinaporuhusiwa, kwa kazi hii ni sumu: aliyechapwa anatoka akiwa na hesabu ya kulipa, na anajua wa kumlipa. Wenzake nao wamefundishwa upya kwamba mwenye nguvu humpiga asiye nazo.

*Umefanikiwa ukiwa:* kila mmoja ametoka na kitendo kimoja kilichoandikwa, na hakuna aliyejua nani amemtaja.

## Hatua ya 7: Mnyang'anye kinara kicheko

Usiku huo huo au unaofuata, kaa na bweni zima. Usitaje tukio wala jina. Eleza kwamba mtu akidhalilishwa mbele ya watu, anayecheka anamlipa anayedhalilisha. Inatosha; mahubiri marefu yatawalaza.

Muda uliobaki utumie kukubaliana kila mtu anaweza kufanya nini, kwa ngazi tatu:

- Ya chini, ambayo hata njuka anaiweza: kutocheka, na kutosogea.
- Ya kati: kutoka na kwenda kumwita mwalimu wa zamu au mlezi, wawili wawili, kwa sababu yoyote ya uongo wanayoitaka. Hata "tumbo linauma" inatosha.
- Ya juu, kwa vidato vya tatu na nne tu: kusema "basi, mwacheni alale", kwa sauti ya kawaida.

Wafanyishe mazoezi. Ndiyo, wataona haya na watacheka wenyewe kwa wenyewe, lakini neno ambalo halijawahi kutamkwa mchana halitoki usiku. Kila mmoja aseme ile sentensi mara moja kwa mdomo wake.

*Onyo:* usimtake mtoto wa kidato cha kwanza amkabili wa kidato cha nne. Akipigwa kwa ushujaa uliomfundisha wewe, bweni zima litajifunza kunyamaza kwa miaka minne.

## Hatua ya 8: Wape watetezi kazi ndogo

Chagua wawili hadi wanne kutoka safu ya tano, wale wenye heshima kwa wenzao: mchezaji mzuri, anayefundisha wengine hesabu, mcheshi. Waite faragha, waombe, na wakatae wakitaka. Kazi iwe ya kawaida kabisa: kukaa meza moja na mwonewa bwaloni, kwenda naye bombani, kumwita kwenye mpira. Wasiwe walinzi, na wasikuletee ripoti kila jioni. Mtetezi akigeuzwa jasusi anapoteza heshima ile ile uliyomchagulia.

## Hatua ya 9: Pitisha viranja kwenye jedwali

Linganisha orodha ya viranja na safu mbili za kwanza. Usiruke hatua hii kwa sababu shule yenu ina sifa. Mwaka 2017 sakata la Alliance High School nchini Kenya, moja ya shule zenye jina kubwa kuliko zote huko, lilihusu viranja wenyewe kuwatesa wadogo.

Ondoa mamlaka ya kiranja kutoa adhabu. Aandike kosa, alipeleke kwa mwalimu wa zamu, mwalimu aamue. Utaambiwa nidhamu itashuka. Kitakachoongezeka ni kazi ya mwalimu wa zamu, na hapo ndipo upinzani mwingi unapotoka, ingawa hautasemwa hivyo.

Kiranja aliyetajwa na wengi avuliwe cheo kimya kimya, si kama adhabu bali kumwondolea mamlaka, mwisho wa wiki, bila hotuba ya mstarini.

## Hatua ya 10: Rudi baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki tatu

Wiki ya kwanza, waite tena wa hatua ya 6, mmoja mmoja, dakika tano. Msomee alichoahidi, muulize kimefanyika au la. Muulize mwonewa pia, tofauti na wao.

Wiki ya tatu, rudia karatasi zile zile, maswali yale yale. Usitazamie ukurasa mtupu. Malalamiko mara nyingi huongezeka kwanza, kwa sababu watu wameona kwamba kusema hakuwaletei balaa. Mkuu wa shule mwambie hilo mapema asije akakata tamaa. Dalili za kweli ni hizi: safu ya tatu imepungua, ya tano imeongezeka, na kwenye swali la saba mahali palipokuwa pakitajwa na wengi sasa panatajwa na wachache. Mchana, yule kijana anafungua tranka lake wengine wakiwepo.

Ikiwa safu ya tatu haijapungua, rudia hatua ya 7 kwa vikundi vidogo vya vitanda jirani, kwa sababu mkutano wa watu 40 haukuwafikia. Ikiwa safu ya tatu imepungua lakini kinara haachi, sasa ana uzito mdogo, na hapo ndipo hatua za kinidhamu na kumwita mzazi zinapofanya kazi. Ikiwa mahali tu ndipo pamehama, kutoka bafuni kwenda njia ya prepo, rudi hatua ya 2.

Karatasi za awamu zote mbili zichome mwenyewe, ukishanakili hesabu bila majina. Usimpe mwanafunzi wa adhabu azipeleke shimoni. Atazisoma zote kabla hajafika. Hesabu zitunze hadi Julai, kidato cha tano wanaporipoti, kwa sababu mabweni yatapangwa upya na wageni wanakuja na mazoea ya shule walizotoka.